Marehemu Aliyeomba Viza

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, simu zikiwa zimeshafika Tabora na adabu imeshaanza kuondoka, paliondokea mwanamke mmoja mtaa wa Ng'ambo akiitwa Bi Nyamizi. Sogeeni basi, na wewe unayechezea simu iweke mfukoni, maana mwisho wa hadithi hii nitakuuliza, na simu haitakujibia.

Bi Nyamizi alikuwa Mnyamwezi wa kuzaliwa, mjane wa Mzee Mhoja, mwenye kicheko cha kusikika mpaka sokoni. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, Kalunde. Huyo Kalunde alikwenda kusoma nchi moja ya theluji, akamaliza, na badala ya kurudi na cheti akapiga simu kusema ameolewa. Mume ni mtu wa huko huko, mpole, kila akiambiwa jambo anasema asante. Sasa Kalunde alikuwa na mimba yake ya kwanza, na tumbo limeshashuka.

Siku moja akamweleza mama yake kwamba huko aliko mwanamke akijifungua anapewa juisi ya baridi na kuambiwa hongera, nenda nyumbani. Bi Nyamizi aliposikia juisi ya baridi akakaa chini. Mzazi hapewi juisi ya baridi jamani. Mzazi anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, anafungwa tumbo, anakaa arobaini yake ndani huku mama yake akimgombeza kwa mapenzi. Mwanangu atakandwa na nani, akauliza, theluji?

Mkwe akasema asante, akakata tiketi ya mama mkwe. Akasema pia kwamba jina la mtoto atalitoa bibi, kwa kuwa amesikia ndiyo heshima ya huku. Ikabaki viza. Na Bi Nyamizi, kwa ile furaha yake isiyo na breki, akasimama barazani kwake mbele ya watu akaapa.

"Atakayenifikisha kwa mwanangu kabla hajajifungua, mjukuu wangu nitampa jina lake. Mbele ya Mungu na mbele ya huyu Mzaramo."

Walioyasikia maneno hayo ni wengi, lakini watatu ndio walioyaweka moyoni.

Wa kwanza ni huyo Mzaramo mwenyewe, Mzee Pazi, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikuja Tabora miaka mingi iliyopita akifanya kazi ya reli, akashuka kununua asali, treni ikamwacha, akaona bora aoe. Yeye na Bi Nyamizi walikuwa watani. Na utani, kwa ninyi mliozaliwa mkakuta simu, ni hivi: tangu enzi Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani wakipita kwa Wazaramo, watu hawa wana ruhusa. Mtani anakutukana, hukasiriki. Anachukua kofia yako, humdai. Ukifa anakuja msibani kwako kuiga unavyotembea, anaingia kaburini hatoki mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka. Pazi alimwita Bi Nyamizi mpagazi, naye alimwita Pazi mcheza ngoma, na siku ambayo hawajatukanana mtaa mzima uliulizana nani anaumwa.

Wa pili ni Shija, mwenye steshenari, mtu wa miwani na tai hata Jumapili. Alijua kuskani, alijua kuprinti, na alijua kuwaombea watu viza kwenye mtandao.

Wa tatu ni Bi Kasele, mke mwenza. Mzee Mhoja alimwoa baadaye, akampenda kuliko busara, na kabla hajafa akaandikisha nyumba kwa jina la Kasele. Tangu matanga yaishe, wajane hao wawili waliishi paa moja bila kusemezana. Wakiwa na la kuambiana walimwambia jogoo. Kasele humwambia jogoo kwamba kuna mtu kamaliza chumvi, Nyamizi humwambia jogoo kwamba chumvi hailiwi na mtu mmoja, na jogoo, maskini, alikuwa hajui hata chumvi ni nini.

Basi Bi Nyamizi akaenda kwa Shija. Shija akafungua kompyuta, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuzama, akaanza kuuliza.

Kazi yako, mama? Mjane. Shija akasema ujane si kazi. Bi Nyamizi akamjibu kwamba asiyewahi kubaki na mke mwenza nyumba moja baada ya matanga asimwambie ujane si kazi. Sababu ya safari? Kumkanda mwanangu. Shija akaandika utalii. Bi Nyamizi akaja juu, yeye si mtalii, mtalii ni mtu mzima mwenye kaptula anayetoka kwao kuja kumtazama nyumbu. Akaelezwa kwamba viza hiyo ukienda kutazama chochote, hata mjukuu, wewe ni mtalii. Akakubali, ila akauliza kama na kaptula ni lazima. Je, umewahi kushiriki ugaidi? Bi Nyamizi akafikiri sana. Akauliza kama kumpiga mtu mwiko harusini kunahesabika. Shija akaandika hapana, akatuma. Mtandao ukakataa.

Ulikataa picha. Shija alikuwa ametundika shuka jeupe, akamkalisha Bi Nyamizi mbele yake, lakini mtandao unataka mtu asicheke, na Pazi alikuwa ameegemea dirishani akiuliza kwa sauti kama huko theluji wameshaonywa kwamba anakuja mpagazi. Picha ya kwanza ilikuwa meno matupu. Ya pili meno na ulimi. Mtandao ukakataa, ukakataa tena. Shija akamfukuza Pazi, akafunga dirisha, akamwambia Bi Nyamizi amfikirie marehemu. Hapo ndipo alipocheka zaidi. Ikabidi amwambie afikirie hati ya nyumba, na uso ukanuna kama unavyotakiwa na serikali zote duniani. Akatuma. Mtandao ukakataa.

Safari hii ulitaka ushahidi kwamba mama huyu atarudi. Ana nini cha kumrudisha? Bi Nyamizi akasema kuku. Shija akatafuta mahali pa kuandika kuku, hapakuwa na mahali pa kuandika kuku. Mtandao ulitaka ajira, au mume, au nyumba kwa jina lako. Bi Nyamizi akarudi nyumbani bila kucheka, akakaa uani akilia, kwa kuwa ajira hana, mume yuko kaburini, na nyumba ni ya nani, mnajua.

Kasele alikuwa akipepeta mchele. Akamtazama. Akapepeta. Akamtazama tena. Kisha akamwambia jogoo kwamba kuna mtu avae viatu, ofisi ya ardhi inafungwa mchana. Wakaenda, mmoja mbele mmoja nyuma kama wasiojuana, na wakatoka huko jina la Kasele likiwa limefutwa kwenye hati na la Nyamizi limeandikwa. Si kwa kuazima. Huwezi kuazimisha jina kwenye hati, karani aliwaambia wazi, nyumba ikitoka imetoka. Kasele akatia sahihi hivyo hivyo. Njiani Bi Nyamizi alitaka kushukuru, mdomo ukagoma, wakafika nyumbani akamshukuru jogoo. Na Kasele akamjibu jogoo kwamba mtu akifika huko akae sana, walau nyumba ipoe makelele.

Sasa kila kitu kikawa kimetimia isipokuwa kimoja. Mtandao ulitaka jina na namba ya mtu anayemfahamu mwombaji, atakayepigiwa kuulizwa habari zake. Shija angeweza kumwandika mwenyekiti wa mtaa. Angeweza kumwandika imamu. Lakini mwenyekiti alikuwa mbali, na Pazi alikuwa amesharudi dirishani na simu yake mkononi. Shija akaandika namba ya Pazi. Nyie mnaoguna huko nyuma, subirini.

Mtandao ukakubali. Ukakubali, ukanyamaza. Asubuhi Shija anafungua barua pepe, hakuna. Jioni anafungua, hakuna. Wengine wa mjini walioomba kabla yake nao walikuwa wakisubiri, na Kalunde huko aliko miguu imevimba, sauti yake kwenye simu imeanza kuwa ndogo. Kila alipouliza, mama, unakuja, mama yake alisema nimeshafunga sanduku. Sanduku lilikuwa limefungwa kweli. Lilikuwa limefungwa hata nguo za kuvaa akawa hana.

Ndipo siku moja simu ya Pazi ikaita. Namba ndefu, ya ajabu. Mtu wa ofisi ya viza, mwenye Kiswahili cha kuazima, akauliza kwa upole kama anamfahamu Nyamizi Mhoja wa Tabora.

Hapa nisikilizeni vizuri. Mzaramo akiulizwa habari za mtani wake, hasemi ni mzima, ni mtu mwema, ana tabia nzuri. Akisema hivyo kamtukana. Ni sawa na kusema huyu hatuna udugu naye. Pazi hakufikiri hata kidogo, mdomo wake ulikuwa unajua njia.

"Nyamizi yupi, yule Mnyamwezi? Tumemzika juzi. Alibeba gunia la viazi lisilo lake, likamlalia."

Mtu wa ofisi akasema pole sana, akakata simu. Pazi akacheka peke yake mpaka akashika ukuta, akaenda kusimulia kijiweni, na kijiwe kikacheka naye.

Kesho yake Shija akafungua barua pepe, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Ofisi ilisema ombi limefungwa kwa sababu mwombaji amefariki dunia. Ofisi ilitoa pole kwa familia. Bi Nyamizi akasomewa rambirambi zake mwenyewe akiwa amesimama, mkoba mkononi.

Hakucheka. Pazi alikuja akikimbia, ameshaambiwa, akaanza kusema mpagazi wewe hata kufa hujui, na Bi Nyamizi akainua mkono.

"Leo si utani, Pazi. Mwanangu anazaa peke yake."

Akageuka akaenda nyumbani. Tangu Wanyamwezi na Wazaramo wakutane barabarani hakuna aliyewahi kumwambia mtani wake leo si utani, na Pazi akalimeza tusi lililokuwa limeshafika ulimini. Mdomo huponza kichwa, lakini huu ulikuwa umeponza kichwa cha mwenzake.

Mzee yule alikaa kwenye benchi la steshenari kutwa nzima akipiga ile namba ndefu. Muziki unapigwa, unakatika. Anapiga tena, muziki, unakatika. Alipopatikana mtu, Pazi alijieleza mpaka jasho likamtoka: kwamba yeye ndiye aliyemuua marehemu, kwamba marehemu ni mzima, kwamba utani si uongo bali ni undugu wenye meno. Yule mtu hakuelewa kitu. Ila mwombaji aliyekufa kisha akafufuka si jambo la kuachwa kwenye foleni na wengine, lina wakubwa wake, na mkubwa mmoja, mama wa makamo, akaagiza marehemu aletwe mbele ya simu ya video aonekane.

Wakakaa steshenari, Bi Nyamizi mbele, Shija akishika simu, Kasele mlangoni akijifanya amekuja kununua kalamu, Pazi chini ya meza kwa sababu ameambiwa asionekane. Yule mama akatazama pasipoti, akatazama uso, akaridhika kwamba maiti ni mzima. Kisha akasema, kupitia mkalimani, kwamba hati ya nyumba ameiona, na bila nyumba wasingefika hata hapo, lakini nyumba yenye jina la juzi inamtia shaka, na nyumba huuzwa. Akauliza ni kitu gani hasa kitamrudisha Tabora.

Shija akamkanyaga mguu asiseme kuku. Bi Nyamizi akaangalia chini akamwona Pazi amejikunyata huko chini ya meza, mzee mzima na mvi zake, ameziba mdomo kwa kiganja. Akamshika ukosi, akamtoa, akamweka mbele ya simu.

"Huyu ndiye atakayenirudisha. Ni mzee, atakufa hivi karibuni, na nisipokuwepo nani atamtukana kaburini? Akizikwa kimya kimya ni aibu kwangu mpaka kiyama."

Na Pazi, aliyekuwa ameapa kunyamaza, akasema atakayetangulia ni mpagazi, kwa kuwa wamezoea kuanza safari mapema. Bi Nyamizi akaangua kile kicheko cha mpaka sokoni, wakarushiana matusi mbele ya serikali ya watu, mkalimani akijitahidi kutafsiri na kushindwa, na yule mama mkubwa akaonekana akifuta macho. Viza ikatoka kesho yake. Mungu si Athumani. Wale wengine wa mjini walioomba kabla yake walikuwa bado wanasubiri, na wapo wanaosubiri mpaka leo.

Bi Nyamizi akapanda ndege, akafika, akavua koti moja akabaki na matatu, na kabla hajafungua sanduku Kalunde akashikwa na uchungu. Mama yake alikuwa pale. Alimshika mkono, alimgombeza, na ile juisi ya baridi ilipoletwa aliirudisha mlangoni na mwenye kuileta. Akazaliwa mtoto wa kike, mzima, analia kwa sauti ya bibi yake.

Mnadhani imekwisha? Ndiyo kwanza.

Simu ikapigwa Tabora ili habari njema isikike, na wale watatu walikuwa wamekaa barazani kwa Kasele, samahani, barazani kwa Bi Nyamizi, wakisubiri. Walipomaliza vigelegele wakaanza.

Shija akakohoa. Alisema mtoto aitwe Shija. "Mimi ndiye niliyeandika kila neno, mama. Mtandao ulikataa, mimi sikukataa. Bila mkono wangu, iwe nyumba iwe utani, yote yangebaki hapa Ng'ambo." Pazi akamuuliza ni mkono upi ulioandika namba ya Mzaramo mahali pa mtu wa kuaminika, na kama Shija si jina la mtoto anayefuata mapacha, hao mapacha wako wapi. Shija akasema jina ni jina.

Pazi akasema mtoto aitwe Pazi. "Nilikuua, sikatai. Lakini walio hai wamo kwenye foleni hadi leo, wewe uliyekufa ndiye uliyesafiri. Na ulipoulizwa cha kukurudisha hukutaja nyumba, ulinitaja mimi." Hapo Kasele akaongea na jogoo, akamuuliza tangu lini aliyekusukuma kisimani akakuvuta akadai shukrani ya kuvutwa. Pazi akasema tangu siku aliyevutwa alipotoka na samaki.

Kisha Kasele akasimama. Akamwacha jogoo. Akachukua simu mkononi mwa Shija, akaisogeza mdomoni, akamsemesha mwenzake kwa mara ya kwanza tangu matanga ya mume wao.

"Dada. Hawa walitoa maneno. Mimi nilitoa nyumba, na sasa naishi chumbani mwangu kama mgeni wako. Sikuombi uirudishe. Mtoto aitwe Kasele."

Shija, kwa kuwa alikuwa anashindwa, akasema ukweli uliokuwa unajulikana na wote: kwamba Kasele alitoa nyumba ili aondokewe, na kwamba siku ya safari, gari lilipoondoka, alionekana akicheza uani. Kasele hakubisha. Alisema ndiyo, alicheza. Akauliza kama anayetoa huku anacheza anahesabika hakutoa.

Huko theluji Bi Nyamizi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto mapajani, simu sikioni, akiyapima majina matatu. Akitoa jina la Shija atakuwa amemlipa mtu wa kazi, na kazi ni haki, lakini ni kazi hiyo hiyo iliyomtia kaburini. Akitoa la Pazi, mjukuu wa Kinyamwezi atakuwa na jina la Kizaramo, mtoto mtani wa nafsi yake, na zaidi ya hayo atakuwa ameutuza mdomo uliomliza kuliko vyote. Akitoa la Kasele, jina ambalo hajalitamka miaka yote bila kutema mate, itambidi aliite kila asubuhi kwa mapenzi, njoo Kasele, kula Kasele, lala Kasele mama. Na asipolitoa, siku moja atarudi Tabora, afungue mlango wa nyumba yake, na ndani atamkuta mwenye nyumba.

Kiapo aliapa yeye, mbele ya watu. Mlangoni amesimama muuguzi na kalamu, kwa kuwa huko mtoto hatoki hospitali bila jina. Kalunde anamtazama mama yake, mume anasema asante, na huko Tabora watu watatu wameinamia simu moja.

Haya. Ninyi mliocheka, na wewe uliyeguna, msiniambie wagawane, mtoto ni mmoja na jina ni moja. Aliyeandika, aliyetoa, au aliyeua akafufua: muuguzi anasubiri, Bi Nyamizi amefumbua mdomo. Je, ni nani kati yao aliyemfikisha?